Unga wa Muhogo Usoni

Mansuetus aliteremka ziwani kufuata usipa, wale dagaa wa Nyasa, akarudi kijijini Mapera na magunia mawili ya usipa na mwanamke mmoja. Usipa uliisha baada ya majuma matatu. Mwanamke alibaki.

Aliitwa Asteria, mzaliwa wa Ngumbo, kule ziwani. Siku aliposhuka kwenye lori, Notburga, mke wa kaka yake Mansuetus, alikuwa uani kwa mama mkwe akichambua maharage. Aliinua uso amkaribishe mgeni, akabaki akimtazama. Tuseme kweli, Asteria hakuwa mzuri wa kupindukia. Pua yake ilikuwa pana, na akitembea mguu mmoja aliutupa kidogo upande. Lakini ngozi yake! Lori lilikuwa limepanda milima tangu alfajiri, abiria wote walikuwa wekundu kwa vumbi, hata Mansuetus mwenyewe usingemtofautisha na magunia yake. Asteria alishika ncha ya kanga, akajifuta mara moja tu, uso ukatoka mweusi, laini, unang'aa kama chungu kipya kilichopakwa mafuta.

"Karibu, mdogo wangu," alisema Notburga. Likawa neno lake la mwisho la moyo mweupe kwa mgeni yule kwa miezi mingi.

Msimhukumu haraka. Notburga naye alikuwa na yake ya kulinda. Alipoolewa na Erasmo, mtoto wa kwanza wa Mama Vitalia, kwaya ya parokia ilimpanga mstari wa mbele hata siku ambazo sauti ilimkauka, maana watu walikuja kutazama kabla ya kusikiliza. Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wanne, na misimu kumi na minne ya kahawa mgongoni. Kila ulipofika mwezi wa sita, upepo wa milimani ulipoanza kuuma, mashavu yake yalipauka na kukatikakatika kama ukoko wa ugali. Lakini miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa ndoto na watu wakifulia majani ya mpapai, nani hakupauka? Kijiji kizima kilikuwa na uso mmoja. Mkavu hajijui penye wakavu wenzake.

Kisha ikaja ruksa ya kuuza bidhaa za nje. Maduka ya Mbinga mjini yakajaa mitumba, redio, makopo ya krimu yenye picha za wanawake wanaocheka, na vioo. Erasmo alimletea mkewe kioo chenye fremu nyekundu ya plastiki. Alifanya hivyo kwa upendo, maskini, hakujua analeta nini ndani. Kabla ya kile kioo, Notburga alikuwa mzuri kwa kuambiwa. Baada ya kukitundika ukutani akaanza kujikagua mwenyewe kila asubuhi, na alichokiona hakikufanana na alichokuwa akiambiwa.

Hata hivyo angevumilia, kama si maneno mawili.

La kwanza lilimtoka Erasmo. Walikuwa wanakula, giza limeshaingia, Asteria akapita uani na ndoo ya maji kichwani. Erasmo akatafuna tonge lake, akasema bila ubaya wowote, "Huyu mke wa Mansu, hata giza halimfichi." Akaomba aongezewe mboga. Notburga alimwongezea mboga, na tonge lake mwenyewe akalirudisha sahanini.

La pili lilikuwa zito zaidi. Devotha, binti wa mwisho wa Mama Vitalia, alikuwa anaolewa mwezi wa nane, baada ya mavuno. Harusi ya kanisani, gauni jeupe, na mpiga picha kutoka Songea. Kwa desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto wa kwanza ndiye husimama kando ya bibi harusi altareni kama msimamizi wake. Mama Vitalia mwenyewe alisimamia mawifi zake wawili. Notburga alikuwa ameshasimama mahali pale mara elfu moja kichwani mwake, na kitenge alishakichagua. Sasa jioni moja wamekaa wanamenya karanga, Devotha akasema, "Picha zenyewe zitakuwa za rangi! Mtu atakayesimama karibu yangu inabidi ang'ae, asije akaniharibia." Akacheka. Na akicheka, jicho lake likaenda kutua kwa Asteria.

Jicho linatua popote, hata nzi anatua popote. Lakini Notburga aliliona, akalihesabia. Kuanzia pale alimwonea wivu Asteria waziwazi ndani ya moyo wake, wivu wa kukosa usingizi, wivu wa kusikia mtu akisifia mchicha wa mwenzio ukaona umetukanwa wewe.

Alianza kwa njia ya haki. Asubuhi moja wako kisimani, akauliza kama mtu asiyejali, "Hivi mwenzetu, uso wako unaupaka nini?"

Asteria aliweka ndoo chini. Alikuwa mtu wa kujibu swali alivyoulizwa. "Dada, mimi uso wangu una mafuta tangu usichana. Kule kwetu joto, nikiamka hivi kipaji cha uso kinateleza. Nilikuwa na chunusi mpaka nikaona aibu kwenda kanisani. Bibi yangu ndiye alinifundisha namna ya kuukausha." Kisha, bila kuomba ruhusa, akanyoosha mkono akamgusa Notburga shavuni kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima unga. "Lakini wewe ngozi yako ni kavu. Tena baridi hili la kwenu linaimaliza. Wewe usikaushe, wewe unatakiwa ulainishe. Kila jioni uoshe na maji ya vuguvugu, sabuni ya kufulia usiiguse, halafu uso ukiwa bado na unyevu upake mafuta. Nitakuletea ya nyonyo, aliyakamua mama."

Jioni ile akaleta kweli, chupa ndogo iliyozibwa kwa gunzi.

Mtu mwenye moyo uliotulia angesema asante, akajipaka, hadithi ikaishia hapo. Notburga alifungua chupa, akanusa, akacheka peke yake. Ya nyonyo! Mafuta mazito, ya njano, yenye harufu ya ubuyu uliochacha. Anajipaka kipi yeye, na mimi ananipa hiki? Kwani nani aliwahi kumpa mshindani wake silaha nzuri akabaki na mbovu? Ameniambia nisikaushe kwa sababu kukausha ndiko kunakomng'arisha. Hivyo ndivyo alivyowaza, na kwa kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kujiona mwerevu. Asubuhi yake, mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa inalia kama kawaida yake, akachukua ile chupa akaimimina yote kwenye mhimili wa mpini.

"Leo mashine imelainika!" alisema Erasmo akizungusha.

"Imelainika," alijibu Notburga.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha jioni, moto wake ulikuwa unawaka vizuri kabisa, lakini alichukua kigae akaenda kwa Asteria kuomba kaa la moto. Alipofika nyuma ya jiko la yule mwenzake alipunguza mwendo. Ukuta wa jiko lile ulikuwa wa matete, na matete yana nafasi. Akachungulia.

Asteria alikuwa ameketi kwenye kigoda, koroboi pembeni, bakuli mapajani. Alichota unga mweupe kwenye kopo. Akakata limau, akalikamulia ndani, akakoroga mpaka ukawa uji mzito. Kisha akajipaka uso mzima, akaacha macho na mdomo, akakaa kimya ametazama moto kama sanamu ya chokaa.

Notburga aliutambua ule unga kwa ule weupe wake. Muhogo! Chakula cha watu wa ziwani, ambacho yeye mwenyewe alikitania mbele za watu siku Asteria alipokisonga mara ya kwanza. Alisema ugali ule ungefaa kuzibia mitumbwi, na uani pote watu wakacheka, na Asteria akacheka nao. Kumbe! Kumbe siri iko ndani ya gunia la muhogo!

Ndani Mansuetus akakohoa. Notburga alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akaondoka na kigae chake kitupu. Angengoja muda wa kukata mboga tu, angemwona Asteria anausuuza ule uji wote mara tatu kwa maji safi mpaka limau limetoka kabisa. Angekuja kesho yake na keshokutwa, angeona hakuna bakuli wala limau, ni maji tu, maana jambo lile Asteria alilifanya Jumamosi kwa Jumamosi. Lakini jicho la wivu huona nusu, likadhani limeona kitabu chote.

Sokoni alimkuta mwanamke wa Mbaha, kule ziwani, aliyepandisha samaki na unga. Akaomba muhogo kwa sauti ya chini.

"Mmatengo wa milimani anakula muhogo siku hizi?" mama yule alimchokoza.

"Ni wa wanga," alisema Notburga. "Wa kunyooshea kanzu za watumishi wa altare."

Aliisingizia hata altare. Ndiko alikofika.

Usiku huohuo akaanza. Akakoroga, akajipaka, akangoja ukauke, akapangusa kwa kitambaa kikavu vile vipande vilivyobanduka, akaingia kitandani hivyohivyo na limau lake usoni. Na kwa kuwa alikuwa amechelewa kuianza safari, na mwenzake alishatangulia, aliona dawa ni kuongeza mwendo: alijipaka kila jioni, Jumapili hadi Jumamosi, wala hakujipa siku ya mapumziko.

"Kitanda hiki mbona kinanukia kachumbari?" aliuliza Erasmo usiku wa tatu.

"Lala, baba Winifrida."

Siku za kwanza ngozi ilivuta. Akitabasamu alisikia mashavu yanakaza, akafurahi, akasema ujana huo unarudi, unapiga hodi. Mchana alikuwa kwenye vichanja, akigeuza kahawa juani tangu umande unapokauka mpaka saa kumi, uso umeelekea jua na limau la jana bado limo ndani ya ngozi. Mwishoni mwa juma la kwanza uso ulianza kuwasha. Akasema ni dawa inafanya kazi. Juma la pili ukaanza kuwaka, na juu ya mashavu yakatokea mabaka ya kahawia, na pembeni mwa pua ngozi ikawa inatoka magamba. Hapo hata mbuzi angejua kuacha. Notburga aliongeza limau. Aliona mwenzake bado anang'aa, tena zaidi, akahisi Asteria anamzidi kwa kipimo. Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, walisema wahenga, nao hawakuwa wanazungumzia tembo.

Juma la tatu alikiondoa kioo ukutani, akakigeuza uso chini juu ya sanduku la nguo. Akaanza kutembea amejifunika kanga mpaka machoni, jua na kivuli. Watu hawakukosa la kusema. Wengine walisema anatumia mkorogo wa kutoka ng'ambo ya ziwa. Wengine walianza kumtazama Erasmo vibaya, mtu asiyewahi kumpiga hata punda. Erasmo alijaribu kumwuliza, akaambiwa ni vumbi la kahawa. Na Asteria alikuja mlangoni mara mbili na kuita, "Dada, upo?" Mara zote mbili Notburga alikaa kimya ndani, amejishika mashavu yanayowaka, akiamini yule amekuja kuona kazi yake ilivyoenda.

Maana sasa alishavuka hatua nyingine. Hakusema tena kwamba alijipaka mwenyewe. Moyoni mwake ilikuwa ni Asteria aliyemfanyia. Si alijua mimi nachungulia? Si aliketi pale makusudi?

Zilipobaki siku kumi na nane kufika harusi, Mama Vitalia aliwaita wote nyumbani kwake, kwa kuwa katekista alikuwa anakuja kukamilisha mambo ya ndoa. Notburga alikaa pembeni, kanga usoni. Devotha alikuwa ameketi mkekani bega kwa bega na Asteria, wanashona shanga kwenye shela, wanacheka jambo fulani. Katekista Bartholomayo akaingia na begi lake la ngozi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, nimekuja na fomu. Nimebakiza jambo moja tu, la msimamizi wa bibi harusi."

Notburga aliziona zile shanga, akayaona yale mabega mawili yaliyogusana, akaona wanaotazamana ni wale wawili. Akasimama. Hakupanga kusimama, miguu ilimsimamisha.

"Usihangaike, mwalimu," alisema. "Andika Asteria. Ameshashinda." Akaivuta kanga, ikaanguka mabegani, na uso ukabaki wazi katika mwanga wa mchana. "Nitazameni! Mtazameni na mwenzangu! Ameniunguza na unga wake ili asimame yeye, basi asimame. Mpigeni picha!"

Mama Vitalia alishika mdomo. Mashavu yalikuwa na mabaka kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni, na kwenye kidevu palikuwa pamepasuka panatoa maji.

"Kusimama wapi, dada?" aliuliza Asteria. Aliuliza kwa mshangao mtupu, na mshangao ule ndio uliomchoma Notburga kuliko limau.

Devotha aliweka shela chini. "Wifi, unasema nini? Mimi niliandika jina lako tangu Kwaresima."

Katekista alikohoa, akaitoa fomu, akaikunjua juu ya goti. "Notburga, mke wa Erasmo. Liko hapa. Nilichofuata ni cheti chenu cha ndoa tu, nikaandike namba yake." Akamtazama Asteria, akashusha sauti kwa huruma. "Na huyu binti asingeweza hata mngetaka wote. Yeye ni Mwanglikana, bado yuko kwenye mafundisho ya kuingia kwetu, na ndoa yao na Mansuetus bado haijabarikiwa. Msimamizi lazima awe na ndoa ya kanisani. Mama Winifrida, wewe ni mwanakwaya. Hili si unalijua?"

Alilijua. Hilo ndilo la aibu. Alilijua kama anavyoijua Baba Yetu. Kila Jumapili aliinuka kwenda kupokea komunyo, akampita Asteria aliyebaki amekaa kwenye benchi peke yake na magoti yake ameyaweka upande ili wengine wapite. Miezi yote ile alimpita, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu asiyeruhusiwa kuinuka kwenye benchi hawezi kumnyang'anya mahali pa altareni. Wivu ulikuwa umemfundisha kuhesabu kila kitu cha Asteria, isipokuwa kile alichokosa.

Aliketi. Hakuna aliyemcheka, na ingekuwa nafuu wangecheka.

Jioni ile Asteria hakuita mlangoni, aliingia. Alikuwa na birika la maji ya vuguvugu, beseni, na kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika. Akamkalisha Notburga kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Ulikuwa unasuuza?" aliuliza.

"Kusuuza nini?"

Asteria alifumba macho kidogo. "Na ulikuwa unajipaka mara ngapi?"

"Kila jioni."

"Yesu na Maria," alisema Mwanglikana yule, kwa kuwa alishaanza kuzoea. "Ile chupa ya nyonyo niliyokupa iko wapi? Lete."

Notburga alitazama miguu yake. Kule uani Erasmo alikuwa anamalizia ndoo ya mwisho ya kahawa, na mashine ilikuwa inazunguka taratibu, kimya, bila kulia hata mara moja. Asteria alisikiliza. Mashine ile ilipata kusikika mpaka kisimani. Aligeuza kichwa kuelekea uani, akamrudishia Notburga macho, na pembe ya mdomo wake ikatikisika. Alitoka akarudi na chupa nyingine.

Alimwosha kwa kugusagusa, bila kusugua. Akampangusa nusu tu, ngozi ikabaki na unyevu, akamwaga matone manne ya mafuta kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua viganja, akayakandamiza kwenye mashavu, kwenye kidevu, pembeni mwa pua. Yaliuma, kisha yakaacha kuuma. "Hivi hivi kila jioni," alisema. "Na mchana jua lisikuone. Vaa kofia ya shemeji ukiwa kwenye vichanja. Yangu ni yangu, yako ni yako, dada. Mimi nikijipaka haya, kesho naamka na chunusi kama ngozi ya fenesi."

Alikuja jioni kumi na saba mpaka harusi, na baada yake hakuacha. Notburga aliposema ameshajua, ataweza mwenyewe, Asteria alijibu kwamba mtu aliyepaka mashine mafuta hawezi kuaminiwa na chupa.

Na je, alimpenda sasa? Tusikimbilie huko. Ukitunzwa na mtu uliyemtukana, unaweza kumchukia zaidi, maana kila jioni anakuja na wema wake mikononi na wewe huna mahali pa kuukwepa. Notburga alikaa pale na uso wake umeinuliwa kama mtoto, akiona kwa karibu ile ngozi isiyo na doa, na bado kitu fulani kilimuuma kifuani. Tofauti ni kwamba sasa alikijua jina.

Siku ya harusi magamba yalikuwa yamekwisha, mpasuko umefunga. Mabaka mawili yalibaki, moja kila shavu. Notburga alisimama altareni kando ya Devotha, katika kitenge alichokichagua yeye, akashika maua, akaweka sahihi yake kwenye daftari la parokia. Nje ya kanisa mpiga picha akamwambia ageuze uso kidogo upande wa kivuli. Alikataa. Aliutazama ule mtambo moja kwa moja, akasema apige hivyohivyo.

Picha zilifika Oktoba kwa basi la Songea. Notburga alipokea yake akaenda nayo chumbani, mbele ya kile kioo ambacho kilikuwa kimerudi ukutani. Alijitazama kwanza yeye, kama watu wote wafanyavyo. Mabaka yalionekana. Lakini alisimama wima, ameng'aa kiasi chake, na hakumharibia Devotha picha.

Kisha akaona kona ya kushoto. Mlangoni mwa kanisa, nyuma ya watu wote, Asteria alikuwa amesimama na sinia la mchele wa kumwagia maharusi. Hakuwa anamtazama bibi harusi. Hakuwa anatazama mtambo wa picha. Alikuwa anamtazama Notburga, pale aliposimama, na maua yake mkononi, na jicho lile la kutamani Notburga alilitambua mara moja. Alikuwa na uzoefu nalo. Alikuwa ameliona kila asubuhi, mwezi wa sita mzima, kwenye fremu nyekundu ya plastiki.

Kwanza alifurahi. Tusimsingizie wema ambao haukuwepo: furaha ilimpanda kutoka miguuni, moto na tamu, kwamba hata yule, hata yule! Akaketi kitandani na furaha yake. Alikaa nayo kitambo, akangoja iendelee, ikaanza kupoa. Akakumbuka magoti yale yaliyogeuzwa upande kwenye benchi ili wengine wapite, na jinsi yalivyogeuzwa kila Jumapili bila kuambiwa.

Majirani walikuja kuona picha. Ottilia wa nyumba ya pili alikuja, na dada zake Erasmo, na wanakwaya wote. Notburga aliwaonyesha wote, lakini hakumpa mtu aishike. Aliishika mwenyewe, na kidole gumba chake kilikaa juu ya ile kona ya kushoto mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.

Jioni Asteria akaja na chupa. Alijifuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Nasikia picha zimefika. Na mimi nimo?"

Notburga alimpa picha yote, bila kidole. Asteria aliisogeza karibu na koroboi. Aliitazama muda mrefu, na Notburga akaona macho yake yamefika kwenye ile kona, yakasimama pale, yakaondoka.

"Umetoka vizuri, dada," alisema Asteria, akamrudishia.

"Mafundisho yako yanakwisha lini?" aliuliza Notburga.

"Pasaka, Mungu akipenda. Ndoa nayo itabarikiwa wakati huo."

"Basi usitafute msimamizi. Nimeshampata."

Asteria alizibua chupa, akamwaga matone manne, la tano likaanguka sakafuni. Notburga akainua uso, akafumba macho, akangoja apakwe.